Sikusinzia

Jumatatu, 3 Machi

Sikusinzia. Naanza na hilo ili angalau mahali pamoja duniani liwe limeandikwa.

Nyumbani nimelisema mpaka limechacha. Mume wangu ananijibu "sawa, mama watoto, sawa" — ile sawa ya kumnyamazishia mtoto. Shemeji yangu anacheka. Na Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele pembeni yangu siku ile, ndiye anayewaambia wageni wote wanaokuja kumpa pole: msimlaumu, alikuwa na nguo nyingi za watu za kumaliza, akasinzia kidogo tu, maskini. Halafu anaupapasa mkono wenye plasta.

Afadhali angenitukana! Tusi unalijibu. Huruma unaijibu vipi?

Ilikuwa tarehe kumi na nne mwezi uliopita, saa nne asubuhi, barabara kavu. Tairi la mbele la kushoto lilipanda kile kivimbe cha lami kilicho pembeni, karibu na duka la mbao. Usukani ukageuka wenyewe. Kushoto, ghafla, kwa nguvu. Tukaingia kwenye ukuta wa duka. Mama akavunjika mkono. Mimi sikupata hata mkwaruzo, na hilo nalo linaonekana ni kosa langu.

Uamuzi wa familia: siendeshi tena. Tarehe ishirini na tisa Mama anakwenda kutolewa plasta, hospitali ya mji wa pili, na wanangu wawili wanataka kumsindikiza bibi yao. Shemeji ataendesha. Gari ni lilelile, na kivimbe bado kipo palepale.



Jumatano, 5 Machi

Gari limetoka kunyooshwa bodi. Shemeji amelileta mwenyewe, limepigwa polishi, linang'aa kama kikombe cha harusi.

Shemeji huyu ndiye mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa Mama. Fundi magari. Mtaa mzima unamwita Chinichini, kwa sababu kazi aipendayo ni kushusha magari mpaka yanakaribia kulamba lami. La kwetu alilishusha mwaka jana, na si kwa mbwembwe. Magoti ya Mama yamekwisha. Kupanda garini ilikuwa lazima tumsukume ndani kama gunia, mtu mzima na heshima zake, mpaka akawa hataki tena kutoka nyumbani. Chinichini akakata springi, gari likashuka inchi mbili na nusu. Mama akafungua mlango, akakaa kama anayekaa kwenye kochi lake. Alilia siku ile. Hata mimi nililia.

Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu lile si gari, ni zawadi ya mtoto kwa mama yake. Nani wa kulisema vibaya?

Nimelisema mimi. Nikamwambia: shemeji, linavuta kushoto.

"Shem, nimelipima alaimenti ya matairi mara tatu. Limenyooka kama rula. Haliwezi kuvuta."

Akanipandisha, akaliendesha, akaachia usukani, mikono juu kama anayekamatwa na polisi. Likaenda moja kwa moja. Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nimeshuka nimenuna hadi sasa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbili nimejiuliza: au kweli nilisinzia? Mtu akiambiwa jambo na watu watatu anaowapenda, anaanza kujitilia shaka. Jana nilikata kola vibaya mara mbili kwa sababu ya mawazo.

Leo nimemweleza Cheche. Cheche ana karakana ya kuchomelea vyuma, tumepakana ukuta; mimi na cherehani yangu huku, yeye na moto wake kule. Mwanamke mnene, mcheshi, anavaa miwani ya kuchomelea kichwani hata anapokwenda sokoni. Alikula chakula chake cha mchana kwangu, akinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

Akauliza, shoga, ulimwambia shemeji yako gari lilifanya nini hasa?

Nikasema linavuta.

"Ndivyo lilivyofanya?"

"Hapana. Lilininyang'anya usukani."

Akaweka kijiko chini. Akasema hayo ni magonjwa mawili. Gari linalovuta linavuta muda wote, hata kwenye barabara tambarare. Linalonyang'anya linangoja kitu — shimo, kivimbe, tuta. Mwenye gari linalovuta anapelekwa kwenye alaimenti. Ukimwambia fundi "linavuta", atatafuta linalovuta, na halipo. Ndiyo maana anakucheka.

Jamani! Mimi ambaye kila siku nawagombeza wateja: sema vizuri, suruali inabana au imepungua? Kwa sababu dawa zake ni tofauti. Na mimi mwenyewe nimekwenda kwa fundi na neno lisilo lake. Kwa nini nilisema linavuta? Kwa sababu ndilo neno nililowahi kuwasikia mafundi wakilitumia. Nilitaka kuonekana najua.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Basi, ulimi nimeunyoosha. Kuanzia leo: linanyang'anya.

Jumapili, 9 Machi

Tumeona! Tumeona kwa macho yetu!

Cheche alikuja mchana "kunisalimia". Gari lilikuwa uani, limezimwa, funguo imewashwa kidogo tu ili usukani usijifunge. Mimi nikakaa kwenye kiti cha dereva, mikono mapajani. Cheche akaenda mbele, pembe ya kushoto, juu ya tairi, akajitupa na uzito wake wote. Gari likainama pale pembeni.

Usukani ukasogea. Peke yake! Kushoto, upana wa kidole gumba. Alipoinuka, ukarudi. Akajitupa tena, ukasogea tena.  Nilipiga yowe la furaha mpaka mwanangu mdogo akaja mbio akidhani nimeona nyoka.

Nikamwita mume wangu, akaona. Akakuna kidevu. Akampigia simu mdogo wake.

Chinichini akaja. Akasema haya, tuone. Akakaa juu ya boneti — katikati! Katikati kabisa, akaanza kuruka kama mtoto kitandani. Usukani, kimya. Akaruka tena. Kimya.

"Si mnaona?"

Nikamwambia kaa pembeni. Akasema shem, bodi nimetoka kuinyoosha juzi, mtu wa kilo mia asiikalie pembeni. Jinsi Cheche alivyomtazama sitaiandika humu. Mama, barazani, akasema kwa upole: mwanangu, liache lipite, hakuna anayekulaumu.

Hakuna anayenilaumu. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi mume wangu kaniwekea funguo juu ya cherehani. 

"Usiliendeshe," akasema.

"Sitaliendesha. Nitalipima."

Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kuchoka. Kwa mdogo wake kadai gari linakaa kwa Cheche kuzibwa bomba la moshi. Mume wangu haamui ugomvi, lakini leo kasema uongo kwa ajili yangu, na kwa mtu kama yeye hicho ni kiapo.

Alhamisi, 13 Machi

Siku nzima karakanani. Mteja wa gauni la kijani atanisamehe.

Cheche alilipandisha gari mbele, akaliweka juu ya stendi nene, akatoa tairi la kushoto. Springi akaitoa yeye, na kibano chake, akanifukuza nisimame mbali. Alisema springi ikichomoka haina shemeji wala mama mkwe. Usukani tukaufunga kwa kamba usitikisike. Sasa kile kitovu cha gurudumu kikawa kinapanda na kushuka kwa jeki tu, polepole, kama tunavyotaka.

Hapo ikawa zamu yangu. Nikachukua ubao ulionyooka, futi mbili na nusu, tukaufunga kwa nati za gurudumu, ulale kama tairi linavyotazama. Mwisho wa mbele nikaning'iniza uzi wenye timazi, na mwisho wa nyuma mwingine. Chini, sakafuni, nikatia alama kwa chaki yangu ya kushonea. Kisha Cheche anapiga jeki nusu inchi, mimi natia alama. Nusu inchi, alama.

Kama gurudumu linapanda bila kugeuka, nyuzi mbili zinasogea sawasawa. Zikitofautiana, gurudumu linageuka.

Zilitofautiana tangu alama ya kwanza. Uzi wa nyuma unaingia ndani, wa mbele unatoka nje. Kufika inchi mbili, tofauti ilikuwa nusu inchi nzima. Nusu inchi! Kwenye nguo hiyo ni bega limekaa kifuani. Na inchi mbili ndicho kimo cha kile kivimbe. Nilikwenda kukipima kwa miguu yangu asubuhi, madereva wakinipigia honi.

Kwa hiyo gurudumu likipanda, linatazama nje. La kushoto likipanda peke yake, gari linakwenda kushoto. Bila kuuliza dereva. Yote mawili yakipanda pamoja, moja linatazama huku, jingine kule, yanavutana, usukani unatulia. Ndiyo siri ya Chinichini na boneti lake. Na ndiyo maana alaimenti yake haioni kitu: anapima gari likiwa limesimama sakafuni. Likiwa limesimama halina kosa.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi la chuma nikacheka, halafu nikalia kidogo. Cheche akajifanya anatafuta spana.

Jumamosi, 15 Machi

Najua linafanya nini. Sijajua kwa nini. Kuna vyuma viwili vinavyohusika: kimoja kinene, kinashikilia gurudumu kwa chini, na kingine chembamba kinachosukuma gurudumu ligeuke unapozungusha usukani. Hicho chembamba mafundi wanakiita tairodi. Hicho kinene Cheche anakiita mkono wa chini.

Mkono! Nimeshona mikono ya mashati kwa miaka kumi na sita. Nikasema, huu nao ni mkono tu.

Nikapima vyote chini ya gari kwa futi yangu ya kushonea, nikavikata kwa kadibodi, kimo halisi, nikavibana ukutani mwa duka kwa pini kama patani za nguo. Pini za upande mmoja hazihami, hapo ndipo vinaposhikamana na gari. Nikaviinua kwa pamoja upande wa nje, nikaona. Viwili vikilala pamoja, kimoja juu ya mwenzake, vinapanda pamoja na kuingia ndani pamoja. Ndivyo gari lilivyotoka kiwandani. Lakini gari likishushwa, havilali tena pamoja. Tairodi imeinuka mwisho wake wa nje kuliko mwenzake. Ukiiinua zaidi, inaingia ndani haraka kuliko mkono wa chini. Inauvuta mgongo wa gurudumu ndani, na pua inatoka nje.

Hakuna kilichovunjika, hakuna kilicholegea. Kila kitu ni kizima, ila vimo vimeachana. Unaweza kuangalia mwaka mzima usione.

Mteja aliingia akakuta nachezesha makadibodi ukutani, akauliza kama hiyo ni fasheni mpya ya mikono. Nikamwambia ndiyo, ya magurudumu.

Jumatatu, 17 Machi

Cheche anasema dawa ni rahisi: springi za zamani bado ziko stoo ya Chinichini. Zirudishwe, gari lipande, vimo virudi, kesi kwisha.

Kweli kabisa. Nilirudi nyumbani nimekwishaamua.

Nikamkuta Mama amevaa vizuri, kitambaa cha kichwani kipya, anakwenda kumwona dada yake mgonjwa. Jirani alikuja kumchukua na gari lake lililoinuka juu. Mama akashika mlango kwa mkono mmoja ulio mzima. Akainua goti. Likakataa. Akajaribu kwa mgongo. Jirani akashuka kumsaidia, na mimi nikakimbia, lakini alituinulia kiganja tusimguse. Akasimama kidogo. Akasema kichwa kinamuuma, atakwenda siku nyingine. Akaingia ndani, akavua kitambaa, akakikunja vizuri sana.

Gari halipandi. Libaki palepale lilipo na liache kunyang'anya. Yote mawili. Kama kinachowezekana ni kimoja tu, sijui, lakini kwanza nitajaribu yote mawili.

Jumatano, 19 Machi

Kama huwezi kulipandisha gari, shusha tairodi. Ndiyo hiyo! Mwisho wake wa nje, pale inaposhikana na gurudumu, ushuke mpaka ulale tena pamoja na mkono wa chini. Nimeuhamisha kwenye kadibodi ukutani, pini chini, pini chini zaidi, mpaka vipande viwili vikapanda pamoja kama mapacha. Ni robo tatu. Kwa hiyo tunahitaji bushi, kipande cha chuma chenye tundu, ya kimo hicho ikae katikati, na bolti ndefu nene ya kupita humo. Mbili, kushoto na kulia.

Nikamwambia Cheche achomelee kipande pale. Alikasirika, sijawahi kumwona hivyo. Chuma cha usukani hakichomelewi, akasema, hata akija mama yake mzazi. Kikikatika ukiwa mwendoni, huuzungumzii tena mkono uliovunjika. Kichongwe kizima, kutoka kwenye chuma kigumu, na nati za kujifunga zisilegee.

Nikaona aibu. Nami ni fundi, lakini fundi wa vitambaa. Uzi ukikatika mtu anacheka, anaazima pini.

Alhamisi, 20 Machi

Kwa mchonga vyuma, mtaa wa nyuma. Mtu mwembamba, mashine yake inapiga kelele mpaka hata ikizimwa yeye anaendelea kupaza sauti. Nikamweleza. Kimo? Robo tatu, nikasema. Akaandika ukutani kwa kalamu ya risasi. Kesho jioni, dada, zitakuwa tayari.

Siku tisa zimebaki.

Jumamosi, 22 Machi

Bushi zimefungwa. Nikatundika nyuzi. Cheche akapiga jeki.

Bado! Imepungua, lakini bado. Inchi mbili juu, tofauti ni robo inchi na kidogo. Nilirudia mara tatu, kila mara robo inchi na kidogo. Nilitaka kulichoma moto gari. Nikarudi dukani nikakagua kadibodi, pini kwa pini. Kadibodi haikukosea.

Ndipo nikaipima bushi yenyewe. Ndogo! Haifiki hata theluthi moja ya inchi.

Nikaenda kwa mchonga vyuma kwa hasira, nywele wazi. Nikamwambia nilikuambia robo tatu.

"Na robo tatu ndiyo hiyo, dada. Pima."

"Robo tatu ya inchi!"

"Inchi? Hapa hakuna inchi. Ni robo tatu ya sentimita!"

Tukatazamana. Miaka kumi na sita nasema robo, nusu, robo tatu, na kila ninayemwambia anajua ni ya inchi, kwa sababu wote ni washonaji. Yeye naye kila anayekuja anasema kwa sentimita. Robo tatu yangu na robo tatu yake zilipishana mlangoni bila kusalimiana. Akaanza kucheka yeye kwanza. Sikutaka, lakini nikacheka mpaka nikashika mlango.

Ni kosa langu la pili la neno ndani ya mwezi mmoja. Safari hii nimemwandikia karatasi: milimita kumi na tisa. Nikamchorea na picha. Akasema sasa nimekuwa mtu mzima.

Jumanne, 25 Machi

Mchonga vyuma yuko msibani. Mashine imefunikwa turubai. Siku nne.

Nimeshona suruali sita kwa hasira. Zimetoka nzuri.

Alhamisi, 27 Machi

Unene wa uzi.

Naandika tena ili niamini: tofauti yote ni unene wa uzi. Mchonga vyuma karudi jana, leo tumefunga bushi mpya: kutoka chini kabisa hadi inchi mbili juu, na nyingine moja ya ziada, nyuzi mbili zinasogea pamoja. Kushoto vilevile, kulia vilevile. Alama za chaki sakafuni zimepangana mistari miwili iliyonyooka, pembeni ya zile za zamani zilizopanuka kama miguu ya bata. Cheche alichuchumaa akaziangalia muda mrefu. Akasema atapaka rangi wazi juu yake zisifutike, wateja wake waone.

Kisha tulirudisha springi, magurudumu, nati zote akazikaza yeye kwa spana ya kipimo, akazitia alama ya rangi ili zikilegea zionekane. Gari likashushwa chini, tukanyoosha matairi upya kwa kamba ndefu kutoka nyuma hadi mbele, maana ukishusha tairodi alaimenti inahama.  Cheche akaenda pembe ya kushoto, akajitupa.

Usukani, kimya.

Akajitupa upande wa kulia. Kimya. Akaliendesha mpaka kwenye kivimbe na kurudi, mimi pembeni yake nimefumba macho. Alipanda kivimbe ameshika usukani kwa vidole viwili. Hakuna kitu.

Nilimkumbatia pamoja na miwani yake.

Ijumaa, 28 Machi

Mume wangu kamwambia mdogo wake ukweli. Chinichini alikuja juu kama moto wa petroli. Nani kamruhusu mshonaji kugusa usukani? Nikamwambia njoo kwa Cheche uone sakafu. Haji. Nikamwambia kaa pembeni ya boneti, pembeni, mara moja tu. Hakai. Akasema kesho asubuhi kabla ya safari atazitoa hizo bushi zangu na kurudisha gari kama alivyolitengeneza yeye, na ataendesha yeye.

Nikamwambia ukizitoa, wanangu hawapandi, na Mama hapandi. Nilisema mbele ya Mama. 

Mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema yaishe. Alisema: bushi hazitolewi.

Mama alikuwa anakunja nguo kwa mkono mmoja. Hakuinua uso.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nikiwa garini, uani, daftari juu ya usukani. Ni saa mbili na nusu asubuhi. Safari bado.

Saa moja na nusu Mama alitoka amevaa tayari. Chinichini alikuwa amekwisha kaa kiti cha dereva; bushi hakuzigusa. Mama akamwambia teremka. Akadhani hajasikia. Teremka, mwanangu, nataka mkwe wangu anitembeze kidogo kwanza. Sisi wawili tu.

Nilikaa, nikashika usukani. Wiki sita sijaendesha. Mama akafungua mlango, akaketi vizuri, hakuhitaji mtu. Hakuniambia niende wapi. Nilijua.

Duka la mbao. Ukuta umejengwa upya, sementi bado ni nyeusi. Kivimbe kikaja. Nilitaka kukikwepa, kweli, mikono yote ilitaka kukikwepa. Sikukikwepa. Tairi la kushoto likapanda, gari likainuka pembeni, likashuka. Likaenda moja kwa moja. Nikageuza mbele kule, nikarudi, nikakipanda tena. Moja kwa moja.

Mama alikuwa ameushikilia mkono wake wenye plasta. Akasema, bila kunitazama:

"Siku ile nilikuona ukipigana nao."

Sikuelewa mara moja. Nikasimamisha gari pembeni.

Akasema aliuona usukani ukizunguka na mikono yangu ikiurudisha. Aliona kila kitu. Lakini angesema ni gari, angekuwa amemsema mtoto wake, tena kwa zawadi aliyopewa naye. Chinichini asingeshika spana tena, anamjua. Akatafuta mtu wa kubeba lawama.

"Wewe una moyo, mwanangu. Nilijua utabeba."

Wiki sita! Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mzima. Nilimwambia: Mama, nilifika mahali pa kuamini nilisinzia. Niliogopa mikono yangu mwenyewe. Na leo angeendesha mwanao, wajukuu zako wakiwa nyuma, kwa sababu ulinyamaza. Nilisema yote. Sikuongeza "samahani" mwishoni. Mama akalia, akijifuta kwa ncha ya mtandio. Mimi sikumbembeleza. Nilitaka, lakini sikumbembeleza. Nikawasha gari tukarudi.

Hapa uani aliniambia nisishuke. Akasema, hili silisemi mbele yako, nikikuona nitalipunguza. Akashuka mwenyewe, akaingia ndani, akawaita wanawe wote wawili kwa majina yao ya utotoni.

Zimepita kama dakika kumi. Nasikia sauti yake, si maneno. Halafu sauti ya mume wangu, fupi.  Watoto wamekuja dirishani na viatu mkononi kuuliza kama tunaondoka, nimewaambia wangoje.

Mlango umefunguliwa. Ni Chinichini. Macho mekundu. Hanitazami. Amepita mbele ya gari, amesimama pembe ya kushoto. Ameweka viganja viwili juu ya boneti, pembeni kabisa. Anakandamiza. Anaangalia usukani kupitia kioo, anakandamiza tena, kwa nguvu zaidi.

Nimetoa mikono yangu na daftari ili auone vizuri; hausogei. Amepiga magoti chini, anachungulia ndani ya gurudumu, na mabega yake yanatikisika.

Ngoja nishuke.